A Moja ya Karimi

Nyanya yangu nilimuua mara tatu katika muhula mmoja, na mara zote tatu alikuwa nyumbani Kanja akichuma kahawa, mzima wa afya. Ngoja nieleze kabla hujanihukumu.

Ilikuwa mwaka wa 1997, muhula wa pili. Mimi Wanjira nilikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni ya wasichana nje kidogo ya mji wa Embu. Jina la shule nitalimeza, maana mwalimu mkuu wa wakati ule bado ananijia ndotoni na kiboko. Simu ilikuwa moja tu, ofisini, ndani ya kisanduku chenye kufuli. Lakini sisi tulikuwa na Redio.

Redio haikuwa redio. Ilikuwa daftari la kurasa mia mbili, jalada jeusi, lililoanzishwa na Ednah wa kidato cha tatu, nahodha wa netiboli. Lilifichwa ndani ya mfuko mtupu wa unga nyuma ya jikoni, penye rundo la kuni. Kila msichana aliyeijua siri alikuwa na jina lake la Redio. Mimi nilikuwa Malkia wa Kanja, unyenyekevu haujawahi kunisumbua. Rafiki yangu Ciku alikuwa Tone la Mvua, na ukijua Ishiara kwao kulivyo kukavu utaelewa kwa nini. Unaandika yaliyo moyoni, unarudisha daftari chini ya kuni, na mwenzako akisoma akaguswa anakuchorea nyota kwa kalamu nyekundu. Basi, hiyo tu.

Wee, hizo nyota! Nilikuwa naenda nyuma ya jikoni mara nne kwa siku kuangalia kama nimeongezewa, mpaka mpishi akadhani naiba kuni. Niliandika kwamba nimeongoza darasa katika Biolojia: nyota sifuri. Nikaandika kwamba githeri, yale mahindi na maharagwe yetu ya kila siku, ina wadudu: mbili. Nikaandika kwamba nyanya yangu amefariki: kumi na moja! Sasa ungekuwa mimi, ungefanya nini? Wiki mbili baadaye akafa nyanya wa upande wa mama, ambaye ni yule yule. Mara ya tatu alipigwa na radi. Ciku peke yake ndiye aliyemjua cucu, yaani huyo nyanya yangu, na alicheka mpaka akakaa chini.

Ciku alikuwa wa kucheka hivyo, lakini katika Redio alikuwa mtu mwingine. Baba yake na mama yake walikuwa wameachana. Baba alikuwa karani huko Siakago, mama alikuwa na kibanda sokoni Ishiara, na wao wawili hawakusemezana hata neno. Walisemezana kupitia kwa Ciku. Mwambie mama yako hivi. Mwambie baba yako vile. Na yalikuwa maneno ya kuchoma, si ya salamu. Kila siku ya wazazi baba alitandika leso upande huu wa uwanja, mama upande ule, na Ciku katikati, huku na huku, amebeba matusi kama mtu anayebeba sufuria ya moto bila kitambaa. Aliandika katika Redio: "Nikifunga macho bado nasikia mwambie, mwambie." Nyota tatu. Nyanya yangu alikuwa anamshinda.

Sasa Redio ilikuwa inasafiri. Kila timu yetu ilipokwenda kucheza upande wa Meru, Ednah aliiweka ndani ya begi la mipira, na wasichana wa shule moja huko juu kwenye majani chai wakaandika yao. Ndivyo tulivyompata Karimi. Aliandika ukurasa mmoja, kwa herufi kubwa, nzuri:

"Wasichana wenzangu, nyumbani walinisumbua mwaka mzima. Nililia mpaka nikachoka. Siku moja nikaona heri nikate. Nikakata mbele ya wote, mama, shangazi, wote. Shangazi alipiga nduru. Lakini tangu siku hiyo moyo wangu ni mwepesi. Wewe uliye na uchungu, usiogope. Kata. Karimi."

Nyota thelathini na moja. Thelathini na moja! Hata jina la kujificha hakutumia. Tulisoma ukurasa ule mpaka karatasi ikalainika. Tulikuwa tumeshasikia kwamba kuna wasichana wanaojiumiza mikono wakizidiwa na mawazo, lakini ilikuwa habari ya kunong'onezwa, ya aibu. Sasa hapa palikuwa na mmoja anayesema amejikata sebuleni, mbele ya shangazi, akapata amani! Ghafla sweta zikawa mtindo, jua la saa nane likituchoma. Wengi wetu tulizivaa kwa kujionyesha tu, hakuna kilichokuwa chini yake.

Na mimi? Mimi ni muoga wa damu. Siku ya chanjo nilizirai kabla zamu yangu haijafika. Lakini nilizitamani zile nyota jamani. Nikafunga kitambaa mkononi, nikatia wino mwekundu, nikapita nacho bwalo lote la chakula, kisha nikaandika: "Na mimi nimekata. Naona nafuu." Nyota kumi na tisa. Nilijisikia kama mkuu wa mkoa.

Siku hizo hizo mwalimu wetu wa Kiswahili, Mwalimu Mugendi, alikuwa ananyonyoka nywele kwa ajili yetu. Sisi nyumbani ni Kiembu, Kimbeere au Kimeru, Kiswahili tunakikuta shuleni, na irabu mbili zikifuatana tunaona moja inatosha. Kuna aliyeandika katika insha, "Dawa ya chifu imenifa sana." Mwalimu Mugendi akasimama katikati ya darasa na daftari hilo, jasho linamtoka. "Imenifa, au imenifaa? Kufaa si kufa! Kukaa si kuka! Kuzaa si kuza! Mtaniua nyinyi, mtaniua kwa sababu ya a moja!" Tulicheka mpaka madawati yakalia. Mimi nilicheka kuliko wote, mjinga mkubwa.

Jumamosi moja tulikuwa tunafua. Ciku alikuwa anafua sweta, na huku amevaa sweta. Nilimtania. "We Ciku, unafua moja umevaa nyingine, unaogopa zitakimbia?" Hakucheka. Alipoinua nguo kutoka kwenye ndoo, mkono wa sweta uliloa ukarudi nyuma, na nikaona.

Haukuwa wino.

Nikamshika. Akajifunika haraka. "Mbona unashangaa?" akaniuliza. "Si hata wewe ulifanya? Si uliandika umeona nafuu?"

Ningesema pale pale. Sikusema. Nilibaki nimeshika kipande cha sabuni kama mtu aliyesahau kazi yake. Nikamuuliza kama yeye ameona nafuu. Akasema kidogo tu, halafu inarudi vile vile, labda hajui kufanya vizuri kama Karimi. Akaniapisha nisimwambie mtu, maana msichana akipatikana na jambo kama hilo alirudishwa nyumbani, na yeye nyumbani kwake kulikuwa wapi? Siakago au Ishiara? Nikaapa. Nilijichukia siku ile, nakwambia ukweli. Kitambaa changu cha uongo kilikuwa kimemwonyesha rafiki yangu njia, naye angeendelea, na siku moja angeumia vibaya.

Nikakata shauri la mwisho nililokuwa nalo: kumwuliza Karimi mwenyewe. Alijikata mara moja akapata amani. Ciku amejikata na amani haiji. Lazima kulikuwa na kitu ambacho Karimi hakuandika. Na kwa bahati, Jumamosi iliyofuata timu ya Meru ilikuwa inakuja kwetu.

Walikuja kwenye lori, wanaimba. Wakati wa mapumziko ya mechi nikaenda kwao walipokuwa wakila machungwa, nikauliza Karimi ni nani. Akanyoosha mkono msichana mmoja mrefu, mpana, anayecheka na mdomo umejaa chungwa.

"Ndiye mimi! Na wewe?"

"Malkia wa Kanja."

"Woi! Yule wa nyanya watatu!" Akanikumbatia na juisi yote. "Pole sana, aki. Lakini familia yenu mmelogwa?"

Mimi sikuwa nasikia. Nilikuwa naangalia mikono yake. Alikuwa amevaa fulana ya netiboli, mikono wazi mpaka begani, na mikono hiyo ilikuwa safi kama ndizi iliyomenywa. Hata mkwaruzo wa paka haukuwepo.

"Uko wapi mkono uliokata?" nikauliza.

"Mkono? Huu hapa. Na mwingine huu."

"Karimi, si uliandika ulikata?"

"Eeh, nilikata."

"Wapi?"

"Nyumbani. Sebuleni, mbele ya watu."

"Ulikata nini?"

"Kukatwa!"

Tukatazamana. Yeye alikuwa ananiona mimi ndiye mgonjwa.

"Ulikata kukatwa?"

"Sasa wewe malkia unataka nikuchoree? Shangazi alitaka nipashwe tohara Desemba, ati kama yeye, ati kama mama. Ameshaongea na yule mama wa kazi hiyo, hata ndizi za sherehe zimeshavundikwa. Mimi nikasimama nikawaambia mwili ni wangu, siendi popote. Nikakata!" Na aliposema nikakata, akatikisa kichwa kushoto kulia, kichwa kizima mpaka na shingo, kama mtoto anayekimbia kijiko cha dawa.

Kichwa hicho ndicho kilichonifungua macho.

"Ulikataa," nikasema polepole.

"Si ndiyo hiyo nakwambia? Nilikata!"

Mungu anisamehe, nilicheka. Nilikaa kwenye nyasi nikacheka mpaka mbavu zikauma, nikamwona Mwalimu Mugendi na jasho lake, mtaniua kwa sababu ya a moja. Halafu nikamkumbuka Ciku, na kile kicheko kikageuka hapo hapo kikawa kilio. Karimi akatema chungwa. Nikamweleza yote, tangu nyota mpaka sweta, na kitambaa changu pia sikukificha.

Uso wake ulibadilika. "Kuna msichana amejiumiza kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu yako, na yangu zaidi."

Filimbi ikalia, kipindi cha pili. Kocha wao akaanza kuita Karimi, Karimi! Karimi akasema, "Wacha wacheze sita. Huyo msichana yuko wapi?" Walifungwa vibaya siku ile, na Ednah mpaka leo anaamini ni kwa sababu ya mazoezi yake.

Tulipitia nyuma ya jikoni kwanza. Karimi aliitoa Redio kwenye mfuko wa unga, akaufungua ukurasa wake, akaomba kalamu. Nikamwonyesha. Hapa, kabla ya e. Hapa, mwishoni. Alizitia a zake moja moja, akikandamiza mpaka karatasi ikatoboka, na machozi yanamdondokea. Nikakataa. Kataa. Kisha na mimi nikafungua wangu, nikaandika chini yake: "Huu ulikuwa wino. Na nyanya yangu hajafa hata mara moja. Mimi ni mwongo. Wanjira."

Ciku alikuwa kwenye kamba za nguo, peke yake. Hakuwa anapenda mechi siku hizo. Nilimpa Redio asome. Alisoma ukurasa wa Karimi, akauangalia mkono wa Karimi, akasoma tena. Halafu akasoma wangu.

"Ulikuwa wino?"

"Wino wa Mwalimu Mugendi. Niliuiba ofisini."

Akaingiza mkono kwenye ndoo, akatoa sweta imeloa chepechepe, akanipiga nayo usoni. Ilikuwa sweta nzito ya sufu. Nilistahili, wala sikujikinga. Akanipiga ya pili, halafu mdomo ukaanza kumcheza, akacheka kidogo, na akiwa bado anacheka akaanza kulia. Tukamshika, mimi upande huu, Karimi upande ule, sote tumeloa.

Aliponyamaza alimwuliza Karimi jambo moja tu. "Na mtu akikataa, hawaachi kumpenda?"

Karimi alifikiri. Nilimpenda kwa kuwa alifikiri kwanza. "Shangazi alininunia wiki mbili," akasema. "Ya tatu akaniletea ndizi. Mama alininunia siku moja tu, usiku nikamsikia anamwambia baba afadhali nimesema. Lakini mimi sikukata peke yangu. Nilimwambia mwalimu wangu kwanza, akaja tukakaa naye. Peke yangu ningezimia."

Basi nikaivunja ile ahadi ya sabuni mbele ya Ciku mwenyewe. Nikamwambia nakwenda kwa Matroni wa bweni, akitaka aje nami, asipotaka nitakwenda hivyo hivyo, na anaweza kunipiga na ndoo nzima. Kisha akanishika mkono.

Matroni Regina ndiye tuliyemwogopa kupita wote, mama wa kuficha sukari na kukagua kucha. Nilitarajia kelele. Alimwangalia Ciku mkono, akachemsha maji. Hakuuliza kwa nini hata mara moja. Aliuliza kama amekula. Alimsafisha, akamfunga, akatupa chai yenye sukari ya kutosha, na mimi nikajua mambo ni mazito. Akamwambia Ciku hatarudishwa nyumbani, atampeleka kwa daktari mjini, na kila siku saa kumi watakunywa chai pamoja watake wasitake. "Lakini wazazi wako lazima wajue," akasema. "Siwezi kuwaficha. Chagua tu, niwaambie mimi au uwaambie wewe, nikiwa hapo karibu."

Ciku akasema atawaambia yeye.

Usidhani iliisha pale. Kulikuwa na siku mbaya baada ya hapo, na kuna moja alirudia. Lakini safari hii alikwenda mwenyewe kwa Matroni kabla chai haijapoa. Redio nayo ilibadilika. Ednah alifuta nyota zote. Ukiandika una uchungu, hakuna kuchorewa, mtu anakuja kukaa na wewe. Ciku alipoandika tena mwambie, mwambie, tulimjia wasichana wanne kitandani kwake mchana kweupe, tukavunja kitanda. Matroni alitutwanga sote kwa maneno, kisha akaleta misumari.

Siku ya wazazi ikafika. Na nani nikamwona anapanda kilima cha lango na kikapu mgongoni? Cucu wangu! Wasichana wa Redio waliokuwa hawajasoma ungamo langu walipomwona walipiga yowe. Mmoja akakimbia. Mwingine akamshika mkono cucu, akamminya minya, akasema, "Shosho, pole na radi." Cucu akaniuliza kwa Kiembu hii shule inawafundisha nini. Nikamwambia Kiswahili.

Lakini macho yangu yalikuwa uwanjani. Baba yake Ciku alikuwa ametandika leso upande huu, viatu amevua, kofia magotini. Mama yake alikuwa upande ule, anafunua sufuria. Matroni Regina alileta kiti chake akakiweka katikati, akajifanya anafuma. Ciku alikuwa amesimama mbele ya baba yake na sweta yake ya shule. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia.

"Mwambie mama yako," baba akaanza, bila kuinua macho, "kwamba yale mambo aliyosema..."

"Baba, nakataa."

Aliivuta ile a mpaka nikadhani Mwalimu Mugendi ataisikia huko ofisini.

Baba yake ni Mmbeere kama yeye. Sikio lake ni sikio letu. "Unakata?" akauliza. "Unakata nini, mwanangu?"

Ciku akaangalia kwa Matroni. Matroni akaacha kufuma. Ciku akapandisha mkono wa sweta mpaka kwenye kiwiko.

"Nilikuwa nakata, baba," akasema. "Sasa nakataa."

Kofia ilianguka. Yule mzee alishika ule mkono kwa mikono yake miwili, akauangalia muda mrefu. Kisha akainuka. Bila viatu, akauvuka uwanja wa netiboli, amemshika Ciku mkono, moja kwa moja hadi aliposimama mama yake na kifuniko cha sufuria mkononi. Akamwambia jambo. Sikulisikia, lakini alilisema mwenyewe, kwa mdomo wake, na mama akaweka kifuniko chini akajibu.

Cucu akanivuta sketi. "Mbona unalia, Wanjira? Nani amekufa?"

"Hakuna, cucu," nikamwambia. "Leo hakuna aliyekufa."